Kuku Asiye na Firigisi

Kambi yetu haikuwa na jogoo hata mmoja. Mtu akiniuliza maisha ya shamba la mzungu yalikuwaje miaka ile ya hamsini, mimi huanzia hapo, kwa sababu hayo mengine, posho, kipande kile cha kitambulisho cha kazi, nyapara na kelele zake, watu wameyasikia mpaka wamechoka. Lakini asubuhi isiyo na jogoo hawaijui. Kulikuwa kunakucha kimya kama mahali penye msiba. Tuliamshwa na kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini, nyapara akikigonga kwa nyundo, na mtu ukitoka nje ukipiga miayo unaona moshi tu na umande.

Shamba lilikuwa upande wa Rongai. Mahindi, ng'ombe wa maziwa, na kuku wa memsahibu. Hao kuku walikuwa weupe, wa mayai, wengi sana, na waliishi ndani ya nyumba ya waya na mabati iliyotiwa saruji chini. Kwetu sisi chini kulikuwa na udongo. Kwa ajili ya hao kuku weupe sisi watu wa kambi hatukuruhusiwa kufuga hata kifaranga. Memsahibu alisema kuku wa Mwafrika analeta kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Ukiandikwa kazi, sheria hiyo uliambiwa kabla ya kuambiwa mshahara: hakuna kuku kambini, awe hai, awe amekufa, hata unyoya usipite geti. Na getini palikuwa na askari aliyekuwa akifungua kila kikapu.

Mimi nilikuwa tanboi wa lori ya shamba. Tanboi ndiye anayekaa nyuma juu ya magunia, akishuka mlimani kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, anapakia, anapakua, anapanguza kioo. Shule niliiacha darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Leo nina lori zangu na nyumba ya mawe, na hakuna aliyenipa. Nasema hivyo mapema ili anayesoma asinionee huruma. Huruma siitaki. Nataka kuandika habari ya siku moja tu, kwa kuwa watoto wangu wanaijua kwa upande mmoja. Mama yao amewasimulia akicheka, na wao wakacheka. Mimi sijawahi kuicheka.

Kwetu ni Maragoli, na mke wangu ni wa huko huko, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Wazee walikaa, wakakubaliana, tukafunga ndoa kanisani, nikamleta Rongai. Nyumba tuliyopewa ilikuwa chumba kimoja cha mviringo. Waliokuwa wakiishi humo kabla yetu walikuwa Wakikuyu. Wakati wa Emajensi, serikali ilipotangaza hali ya hatari, walipakiwa lori wakarudishwa kwao, na mafiga yao tuliyakuta yakiwa bado na majivu. Mke wangu aliyazoa majivu hayo. Akapaka ukuta kinyesi cha ng'ombe, akaning'iniza picha ya kalenda, akapanda kunde nyuma ya nyumba. Mimi niliona tumefika.

Halafu akapata mimba, na habari ikafika kwao. Watu wetu walikuwa wengi kwenye reli pale Nakuru, na mtu wa reli akipanda gari la Kisumu hubeba maneno ya kila mtu bila kuombwa. Baba mkwe aliambiwa kwamba binti yake ana mimba. Aliambiwa pia kwamba analala kambini, kwamba anasimama kwenye mstari na debe mkononi akipimiwa unga kama mfungwa. Hiyo ya unga ilikuwa kweli.

Jibu lilirudi kwa njia ile ile. Baba mkwe anakuja mwenyewe siku ya Jumamosi, pamoja na dada yake, shangazi wa mke wangu, waone kama binti yao ana nyumba. Wakiona nyumba, watamwacha ajifungue hapo. Wasipoiona, watarudi naye akazalie kwao.

Ndugu msomaji, hilo si jambo dogo. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa baba yake, na jina anapewa na watu wa baba yake. Akizaliwa kwa babu mzaa mama, wao ndio wanaomwita wanavyotaka, na kijana aliyemzaa anahesabiwa kama mtu aliyepita njiani akaomba maji. Sikuwa na mahali pengine pa kumwonyesha mzee. Shamba la baba yangu lilikuwa dogo na sisi wavulana tulikuwa wengi. Sikuwa hata na pa kuchimba shimo la nguzo. Nyumba yangu ilikuwa hiyo ya kambi.

Na mkwe akija, lazima kuku. Si mambo ya kupenda nyama. Kuku anachinjwa wageni wakiwa wamefika, wamsikie akilia, wajue kwamba kuna uhai umetolewa kwa ajili yao. Akishapikwa, kila kipande kina mwenyewe: mgongo una mtu wake, bawa lina mtu wake, miguu na kichwa ni vya watoto. Firigisi, sisi tunaiita imondo, ni ya mzee mwenye heshima kupita wote mle ndani. Haikatwi wala haifichwi ndani ya mchuzi. Inawekwa juu, peke yake, aione kabla ya kunawa mikono. Mwanamke akiila jikoni, kesi hiyo inafika kwa wazee, na nimeona wengine wakirudishwa kwao kwa sababu hiyo.

Nilitafuta kuku. Soko la Rongai halikuwa na kuku wiki hiyo, kideri chenyewe kilikuwa kimepita kwa wenyeji na kuwafagia, na wamama waliokuwa wakiuza kuku walikuwa wamekaa na viazi. Hata ningempata, geti. Nilifikiria kumficha kwenye boksi la spana chini ya kiti cha lori. Dereva akaniambia nikijaribu atashuka anisukumie askari mwenyewe, maana yeye alikuwa na watoto.

Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoinua macho nikaona mkebe.

Mkebe huo nilipewa na memsahibu wakati wa Krismasi. Kila mfanyakazi wa lori na wa karakana alipewa kitu kutoka stoo ya nyumba kubwa: mwingine jemu, mwingine biskuti, mimi nikapata mkebe mzito, mrefu, wenye picha ya kuku mzima amesimama kwenye majani. Sikuufungua. Niliuweka kwenye rafu, picha ikitazama mlango, na watu wa kambi walikuwa wakija kuutazama. Walikuwa wakiniuliza kama huwa namwekea maji, na kama anataga. Nilikuwa nikijibu kwamba kuku wangu ndiye pekee kambini, na askari hawezi kumkamata. Nilikuwa najiona mtu.

Mke wangu hakuupenda. Nilipomwambia Ijumaa kwamba kesho tunampikia baba yake huyo wa mkebe, aliacha kupepeta.

"Huyo si kuku wa wageni," alisema.

Nikamwambia wazungu wenyewe wanawapa wageni wao, wenye magari na kofia. Yeye ni nani wa kukataa?

"Na baba nitamwekea nini juu ya sahani?"

Nilimwonyesha picha. Kuku mzima, si unaona? Shingo, miguu, kila kitu. Mtu hawezi kuchora kuku mzima halafu aweke nusu. Mimi ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa nguvu. Nilikuwa nimeona magunia yenye picha ya ng'ombe, na ndani kuna chakula cha ng'ombe. Sanduku lenye picha ya kiberiti, ndani kuna kiberiti. Nilikuwa nimepakia na kupakua vitu vya wazungu mwaka mzima, na nilidhani najua tabia zao. Tena, kwa siri, nilikuwa na furaha. Nilijua mzee yule hajawahi kula kitu kama hicho, na kwamba akirudi Maragoli atasimulia kanisani jinsi mkwe wake alivyompa chakula cha meza ya mzungu.

Jumamosi lori ilipeleka mahindi Nakuru, na dereva akakubali turudi na wageni. Niliwakuta nje ya stesheni. Baba mkwe alikuwa amevaa koti refu jeusi na amekaa juu ya sanduku lake wima kama amekaa kanisani. Shangazi alikuwa amesimama, na juu ya kichwa chake kikapu, na kutoka kwenye kikapu kichwa cha jogoo mwekundu kikitazama watu wa Nakuru.

Ningepaswa kujua. Mzazi akienda kutazama nyumba ya binti yake hubeba jogoo, ili pale pawe na sauti asubuhi. Ni zawadi ya kuanzisha boma. Na mimi kwa haraka zangu zote sikuwa nimetuma neno kwamba jogoo haingii.

Baba mkwe alipanda mbele na dereva. Mimi na shangazi tukakaa nyuma kwenye magunia matupu. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe fanya hivi, usifanye vile, kwa hiyo nilimweleza shangazi. Nilimwomba tumwache jogoo mjini Rongai kwa mtu ninayemjua. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea.

"Mkwe, huyu amepanda gari la moshi tangu Kisumu na hakuna aliyemwuliza kipande," aliniambia. "Wewe ndiye wa kumwuliza?"

Nilicheka, kwa sababu ilibidi. Nikaacha. Nilijiambia labda askari ataona heshima ya mzee, kwani tulikuwa tunajuana, tumekula naye chungu kimoja mara nyingi.

Askari alifanya kazi yake. Sitamlaumu hapa. Alimwamkia mzee vizuri kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akachukua kikapu. Alieleza habari ya kideri na memsahibu. Kando ya geti kulikuwa na pipa lililokatwa ambamo takataka zilikuwa zikichomwa. Alimnyonga jogoo kwa kuzungusha mkono mara moja tu, akamtia humo, akamwagia mafuta ya taa kidogo. Manyoya yalitoa harufu ile inayojulikana. Shangazi akarudishiwa kikapu chake kitupu, na akakishika kwa mkono badala ya kukiweka kichwani.

Lori ilipoanza kusogea baba mkwe alitoa kichwa dirishani akaniuliza kwa lugha yetu kama yule ni mtu wa serikali.

Nikasema, hapana, ni mtu wa shamba.

"Na wewe?"

"Na mimi ni mtu wa shamba, baba."

Akarudisha kichwa ndani.

Mke wangu alikuwa amefagia mpaka uwanja umekuwa na mistari ya ufagio kama shamba lililolimwa. Alipiga magoti akawaamkia. Tulikuwa tumeazima kiti kwa dereva, chenye mgongo, na baba mkwe akawekwa hapo. Shangazi akaketi mkekani akanyoosha miguu, akaanza kumpapasa mke wangu mikono na shingo kama anayenunua ng'ombe. Alimuuliza kama anakula. Akamuuliza kama anakula kushiba. Mke wangu alisema ndiyo, ndiyo. Nikaona ni wakati wa kuandaa chakula chenyewe, nikauchukua mkebe kwenye rafu nikaufunika na koti langu, nikatoka nao nyuma ya nyumba.

Sikuwa na kitu cha kuufungulia. Nilichukua bisibisi ya lori na jiwe, nikaanza kutoboa kuzunguka mdomo wake. Wageni walitakiwa kumsikia kuku akilia. Walichosikia ni kang, kang, kang.

"Mkwe," shangazi aliita kutoka ndani, "unapika au unatengeneza lori?"

Nilisikia mke wangu akicheka kidogo kwa adabu, halafu akaja. Nilikuwa nimeukunja mdomo wa mkebe, na nimejikata kidole. Tulipindua juu ya karai. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu kikatoka chote kwa mara moja, na sauti kama ya mguu ukitoka matopeni.

Alikuwa kuku mmoja, hilo ni kweli, mkebe haukusema uongo hapo. Alikuwa mdogo, mweupe kama mkono uliolowa maji siku nzima, amejikunja, na amezungukwa na kitu kinachotetemeka kama gundi. Hakuwa na kichwa. Hakuwa na miguu. Mke wangu alimgusa na bawa likabaki mkononi mwake, bila kukata. Aliliweka chini taratibu. Kisha akaingiza vidole ndani ya tumbo lake, huku anatazama mlima, jinsi mwanamke anavyofanya akitafuta kitu kwa kugusa. Alitafuta muda mrefu.

"Haimo," alisema kwa sauti ndogo. "Wala ini. Hakuna kitu."

Nilimwambia aangalie kwenye ile gundi. Tukaipitisha vidoleni, mimi na yeye, tumechuchumaa, wageni wakiwa hatua chache nyuma ya ukuta. Ilikuwa inayeyuka inapita. Nilitazama hata ndani ya mkebe, nikaugeuza, nikaugonga. Ninapoandika hivi bado naona vidole vyangu vimeng'aa mafuta, na damu ya kile kidole changu imechanganyika humo.

Alitaka kuacha. Alisema kuna kunde, kuna maharagwe ya jana, ampe baba yake maharagwe kwa heshima aseme kuku hakupatikana. Baba yake si mtu wa kukataa maharagwe. Alikuwa sawa kabisa. Mimi nikasema pika. Nikamwambia nyama ni nyama, watasikia utamu watasahau mengine. Akanitazama, akachukua kitunguu.

Alijitahidi mke wangu. Alikaanga kitunguu na nyanya, akatia chumvi na zile nyama. Lakini kuku yule alikuwa amepikwa tayari tangu Ulaya, na moto ulipomkuta akaachana. Kila alivyogeuza mwiko ndivyo nyama ilivyokuwa nyuzi. Hapakuwa na mgongo wa kumpa mtu, wala paja, wala shingo. Ulikuwa mchuzi wenye nyuzi na vijifupa. Ugali ulikuwa mzuri sana, wa wimbi. Hilo nataka liandikwe.

Baba mkwe alinawa. Akaomba, na aliomba kirefu, akamshukuru Mungu kwa safari, kwa mikono iliyopika, kwa mkwe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kwa kuwa mkwe haketi kula na mzee, na nilipofumbua macho nilimwona anatazama sahani. Alitazama juu ya sahani, pale mahali panapowekwa kitu. Hapakuwa na kitu. Akamega ugali, akachovya, akala.

Alitafuna mara moja akaacha, kwa sababu hapakuwa na cha kutafuna. Alipata mfupa akautia menoni, kama wazee wanavyopenda, na mfupa ukapondeka kama kiazi. Akautoa akauweka pembeni. Akaendelea kula. Tonge lake lilikuwa linazunguka mchuzini polepole, linasogeza nyuzi upande huu, linasogeza upande ule, na mtu asiyejua angesema mzee anachukua mchuzi. Mimi nilijua anatafuta nini. Shangazi pia alijua, na alikuwa ameacha kula anamtazama kaka yake.

Mwishowe akaweka tonge chini.

"Kuku huyu alichinjwa na nani?"

Shangazi akasema, "Jibu, mkwe. Hili si swali la shuleni."

Nikasema kwamba alikuja akiwa amechinjwa tayari.

"Na firigisi alipewa nani?"

Aliuliza bila ukali. Lakini swali hilo kwetu si la chakula. Likishaulizwa, linatafuta mtu wa kuliangukia. Ama nimeila mimi, nikamtangulia baba mkwe. Ama ameila mke wangu jikoni, na mimba yake tumboni. Nilimwona mke wangu pale mlango wa nyuma, ameshika kitambaa. Basi nilitoka, nikauokota mkebe nikauleta. Nilimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe zawadi.

Baba mkwe aliushika kwa uangalifu kwa sababu ya ile midomo iliyopasuka. Alitazama picha. Kuku wa picha alikuwa na kilemba chekundu, anapendeza. Akauinamisha akatazama ndani, akaona hakuna kitu, akampa dada yake. Shangazi akaunusa, akaugeuza chini juu.

"Kumbe kuku wa wazungu hana matumbo," alisema. "Masikini. Akila, chakula kinakwenda wapi?"

Akacheka mpaka akafuta macho na leso, na mke wangu pale mlangoni akashindwa naye akacheka, na nadhani ndicho kicheko anachowasimulia watoto. Nami sikumlaumu. Alikuwa ametoka kuponyoka kesi ya firigisi.

Baba mkwe hakucheka. Alingoja dada yake amalize. Halafu akaniita mwanangu. Siku zote alikuwa ameniita mkwe, na hapo akaniita mwanangu, na nilijua kwa neno hilo kwamba nimekwisha.

"Mwanangu, sina ugomvi na chakula chako. Nimekula, nimeshukuru. Lakini sikuja kula. Nilikuja kutazama nyumba. Mahali ambapo mtu hawezi kufuga jogoo wake, hapo amepewa pa kulala. Wewe umepewa pa kulala. Nyumba bado hujapata."

Nilikuwa na haki ya kusema mke wangu abaki. Nilikuwa nimetoa mahari iliyotakiwa, tumefunga ndoa kanisani, hakuna mzee ambaye angenipinga kwa sheria. Nilifungua mdomo nikitaka kusema kwamba huyu ni mke wangu na hapa ni kwangu. Lakini neno hilo, "kwangu", lilikataa kutoka. Yule mzee alikuwa ameona jogoo wake akitiwa motoni na mimi nimekaa juu ya gunia. Ningemwambia kwangu ni wapi? Niliinamisha kichwa, nikatazama miguu yangu. Nilikuwa na viatu vya mpira wa gurudumu, navikumbuka vizuri kwa sababu nilivitazama sana.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Alingoja niseme chochote. Alipoona sitasema, akaenda kufunga vitu vyake.

Nilimfuata nikamsaidia kukunja blanketi. Nilianza kumwambia sijui nini, kwamba nilidhani, kwamba picha, kwamba nitazungumza na bwana mkubwa.

"Usitafute maneno," aliniambia. "Tafuta mahali."

Walitaka kuwahi basi la jioni la Nakuru. Nilibeba sanduku lake begani mpaka getini. Askari akaomba alifungue, kwa kuwa kila anayetoka shambani lazima apekuliwe asije akatoka na kitu cha mzungu. Alitoa nguo za mke wangu moja moja, hata zile za ndani, akazipanga juu ya nyasi, akazirudisha. Baba mkwe alikuwa amegeuka anatazama upande wa mlima Menengai, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Shangazi safari hii hakuwa na mzaha. Basi lilipokuja niliwapakilia mizigo juu na kuifunga kamba, kwa maana hiyo kazi niliijua, na nikamwambia mzee kwaheri. Alinipa mkono.

Niliporudi kambini nilikuta majirani wamejaa mlangoni. Walikuwa wamesikia mkebe umefunguliwa na walitaka kuonja. Sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Walikula kile kilichobaki, wakalamba sufuria, wakasifu: nyama laini kabisa, hata asiye na meno anakula. Mmoja akaniuliza kama wageni walifurahi. Nikasema walifurahi.

Mwezi ulipoisha niliomba kipande changu kitiwe sahihi kwamba nimeacha kazi, nikaenda Nakuru. Nilibeba magunia kwenye stoo ya nafaka mpaka mgongo ukaota ngozi nyingine, usiniulize zaidi. Mahali pa kukaa nilipata mtaa wa Bondeni, chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mnubi ambaye hakujali mtu akifuga. Swali la kwanza nililomuuliza kabla ya kodi lilikuwa hilo, na alidhani nina wazimu. Ilichukua muda kuliko nilivyotaka. Mvua zilikuja zikaisha, na mtu wa reli akaniletea habari kwamba nimepata mtoto wa kiume, mzima, mama yake mzima.

Nilipokwenda Maragoli kuwachukua, mtoto alikuwa tayari anaketi. Baba mkwe alinipokea vizuri. Aliniuliza habari ya nyumba, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa, akasema basi wachukue. Hakunitajia mambo ya Rongai, wala siku hiyo wala baadaye mpaka alipokufa. Shangazi ndiye aliyeniletea mtoto. Alimweka mapajani mwangu, akasimama anangoja.

Nilimwamkia mtoto kwa jina la baba yangu, kwa sauti, kama nilivyokuwa nimejizoeza njiani. Mtoto hakunitazama. Shangazi akanisahihisha. Akanitajia jina alilopewa, la mtu wa kwao aliyekufa zamani, mtu ambaye sikumjua na hakunihusu. Wajomba walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinitazama. Basi nikalitamka. Nililikosea kidogo mwanzoni, shangazi akanirudishia tena pole pole, nikalitamka vizuri, na mtoto akageuza kichwa.